Kikundi kina milioni 3 za watoto wa mafuriko: maziwa ya kopo, madaftari au tutume pesa?

#1 Mweka Hazina
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kimetenga sh. milioni 3 kwa ajili ya watoto, endapo masika yatarudia yale ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti. Hatutaki kukurupuka maji yakishafika dirishani. Kikaoni imepita hivi: theluthi maziwa ya kopo kwa wachanga, theluthi mitumba ya watoto, theluthi biskuti na maji ya chupa. Mimi naona ni mpango mzuri, ila wajumbe wawili wamegoma kusaini. Wenye ujuzi semeni. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Mama Kliniki
Hao wajumbe wawili wanunulieni soda.

Futa maziwa ya kopo kwanza. Mtoto wa kilo 5 anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 750. Kopo la gramu 400 linatoa takriban lita 3. Kopo moja basi ni siku 4, mwezi mzima ni makopo 7 au 8 kwa mtoto mmoja. Ninyi kwa bajeti hiyo mtampa kila mama mawili. Siku 8. Ndani ya siku hizo mtoto atanyonya kidogo, na titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Siku ya 9 kopo limeisha na titi limelegea.

Halafu huo unga si tasa. Unakorogwa kwa maji yaliyochemshwa, yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Kambini kuni zimelowa, sufuria ni moja, na chupa ya kunyonyea inasuuzwa kwa maji yaleyale ya mafuriko. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, Mei 2006, maziwa ya msaada yalimwagwa kama mchanga, na watoto waliopokea waliharisha kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao ambao hawakupokea.

#3 Mchokozi wa Zamu
Mama akishtuka si maziwa yanakauka? Kila bibi anajua hilo. Tusije tukaua watoto kwa hesabu za kalamu.

#4 Mama Kliniki
Bibi ana nusu ya ukweli. Mshtuko unachelewesha maziwa kushuka, haukaushi kisima. Dawa yake ni kumweka mtoto titini mara nyingi zaidi, mchana na usiku, mama apate uji, maji na kona yenye pazia. Kwa hiyo mtu akitaka kusaidia wachanga anunue turubai na mikeka ya kona ya kunyonyeshea, pamoja na unga wa uji wa mama.

Wapo wanaohitaji maziwa mbadala kweli: aliyefiwa na mama, au aliyekuwa hanyonyi tangu mwanzo. Hao wanaandikishwa mmoja mmoja na mtu wa lishe, wanapewa kwa kikombe badala ya chupa, na wanafuatwa hadi mwisho. Hiyo si kazi ya kikundi chenye Fuso na bango.

#5 Jirani wa Naivasha
Nikiongezea tu, huku Kenya kuna sheria ya 2012 inayobana maziwa mbadala, na misaada imo ndani. Ukifika na katoni zako wenye kuelewa watakuzuia hapo getini.

#6 Karani wa Ghala
Mimi niseme kuhusu uzito, maana hakuna anayeufikiria. Kiwango cha misaada ya kibinadamu ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Watu 500 ni lita 7,500, yaani tani 7 na nusu. Hiyo ni Fuso nzima iliyokaa vizuri, kwa SIKU MOJA. Kesho yake inabaki chupa tupu, zinaziba mitaro na mbu wanafurahi. Vidonge 1,000 vya kutibu maji vya ukubwa wa kawaida vinasafisha lita 20,000, na mtu anavibeba mkononi akiwa kwenye mtumbwi.

Mitumba sasa. Belo linafika halijachambuliwa: makoti ya baridi, magauni ya arusi, viatu vya mguu mmoja. Watu sita wa ghala wanakaa siku mbili wanachambua huku magodoro yakisubiri nje kwenye mvua. Kama ni lazima mlete nguo, chambueni huko kwenu. Mfuko mmoja rika moja: miaka 0 hadi 2, 3 hadi 5, 6 hadi 9, 10 hadi 14, umeandikwa kwa kalamu nene pande mbili. Chupi ziwe mpya. Hili halina mjadala.

#7 Fundi Mbao
Vidonge naunga mkono. Kimoja kwa ndoo ya lita 10, subiri nusu saa, kunywa.

#8 Hesabu Kwanza
Mkuu Fundi, hapo kaa. Vidonge havifanani. Vipo vya miligramu 33 kwa lita 10, na vya miligramu 67 kwa lita 20, ambavyo ndivyo vingi madukani. Ukitia cha 67 kwenye lita 10 maji yananuka dawa, mtoto anayatema, na mama anarudi kisimani. Ukitia cha 33 kwenye dumu la lita 20 hujafanya kitu. Msichanganye ukubwa katika kambi moja, mtajuta.

Na maji ya Rufiji yakiwa kama chai ya maziwa, klorini inaishia kupambana na tope. Yaache yatulie, chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha tia dozi mara mbili. Nusu saa ni sahihi.

#9 Fundi Mbao
Nimekusoma. Nilisoma kiboksi cha zamani.

#10 Mchokozi wa Zamu
Nyie na vidonge vyenu. Mai Mahiu kule Kenya, lile bwawa lilipopasuka Aprili 2024, nani alikuwa na muda wa kukunja kanga mara nne?

#11 Jirani wa Naivasha
Halikuwa bwawa, ndugu. Siku ya kwanza wote walisema bwawa la Old Kijabe, lakini baadaye wizara ya maji ilieleza kwamba ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli, kalvati likiwa limezibwa na takataka na magogo, kisha yakaachia kwa pamoja alfajiri ya tarehe 29. Lakini kanga umepatia. Pale watu walisombwa wakiwa wamelala.

#12 Hesabu Kwanza
Na ndipo ninapoona uzi mzima umekosa swali la kwanza: maji yalikuja kwa kasi gani?

Rufiji maji yanapanda polepole. Watu wana siku kadhaa za kubeba magodoro, mbuzi na vyeti. Kinachopotea ni shamba la mpunga na mahindi, na maji yanakaa wiki nyingi. Mtoto wa hapo anaugua malaria na kuharisha, na miezi minne baadaye nyumbani hakuna chakula. Hanang, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na Gendabi kwa dakika chache. Waliokufa walizidi 80. Mtoto wa hapo amepoteza mzazi, karatasi zote, na kijiko cha mwisho. Kagera, Septemba 2016, tetemeko la 5.9: vyombo vipo, ila ukuta una ufa na mtoto hataki kulala ndani.

Watoto wa aina tatu, na mfuko wa msaada ni uleule: biskuti, ndala, sabuni.

#13 Bi Mkubwa wa Pangani
Umesema vizuri mwanangu. Ila mnaandika "waathirika" na "waathiriwa" ovyo ovyo. Aliyepatwa ni mwathiriwa.

#14 Karani wa Ghala
Shikamoo Bi Mkubwa. Fomu za halmashauri zimeandikwa waathirika, tukibadilisha tutanyimwa mahema.

#15 Bi Mkubwa wa Pangani
Marahaba. Fomu nayo imeathiriwa.

#16 Mwalimu wa Zamu ya Asubuhi
Hanang na Kagera zinanirudisha kwenye shule. Mnaongea tumbo tu. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 14 kinachomrudisha katika hali yake ni ratiba: kengele, mstari, mwalimu anayemjua jina. UNICEF wana lile sanduku la shule la watoto 40 na mwalimu mmoja, hadi kifuniko chake kinapakwa rangi kikawa ubao. Si lazima mngoje lao. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ukiikata katikati inatoa mbao mbili za futi 4 kwa 4. Paka rangi nyeusi isiyong'aa mikono miwili, acha ikauke usiku kucha kati ya mkono na mkono. Ukiharakisha rangi inabanduka na chaki haishiki.

Hema la mita za mraba 72 ni kubwa kwa macho, ila saa 6 mchana ni tanuri. Madarasa yaanze saa 1 hadi saa 5, kuta za pembeni zikunjwe juu.

Na kosa kubwa kuliko yote: watu waliohamishwa kulala madarasani. Kenya 2024 shule zilipaswa kufunguliwa Aprili 29, zikasogezwa hadi Mei 6, mwishowe Mei 13, na baadhi bado zilikuwa na familia ndani. Mnaotafuta msaada wa elimu, lipeni turubai na nguzo ili familia zitoke darasani. Hakuna daftari litakalozidi hilo.

#17 Fundi Mbao
Kuhusu ubao naongeza: toboa pembe mbili za juu upitishe kamba, usiupigilie misumari kwenye nguzo ya hema. Upepo ukija unachana turubai.

#18 Mjukuu wa Kamachumu
Tukishafika Kagera tusiruke jambo. Michango ilikuwa mingi, na Januari 2017 Rais Magufuli alisema wazi akiwa Bukoba kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, fedha zitaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Watu walinuna. Lakini shule za Ihungo na Nyakato, ambazo madarasa na mabweni yake yalibomoka, zilirudi kupokea wanafunzi. Tetemeko lilipiga Jumamosi alasiri. Lingepiga siku ya masomo saa 4 asubuhi tungekuwa tunaandika uzi mwingine kabisa. Kwa mtoto, jengo imara la shule ndilo msaada unaodumu.

#19 Hesabu Kwanza
Sikubali moja kwa moja. Mtoto anakaa shuleni saa 7 na nyumbani saa 17. Ihungo na Nyakato ni sekondari. Mtoto wa miaka 4 analala kwenye nyumba yenye ufa, mvua za vuli zinamnyeshea, anapata nimonia. Jengo la umma linapigwa picha vizuri, hilo nakubali.

#20 Mjukuu wa Kamachumu
Na pesa ya nyumba ingegawanywaje? Nyumba zilizopata ufa zilikuwa maelfu. Kila kaya ingepata mabati matatu na maneno matamu.

#21 Hesabu Kwanza
Mabati matatu yanafunika kitanda cha mtoto.

#22 Wakala Mkuu
Ndiyo maana mimi nasema tumeni pesa. Mama anajua kama leo anataka bati, dawa au nauli ya kumpeleka mtoto kwa shangazi. Ila fanyeni kwa akili, kuna mitego minne.

Laini imesombwa na simu. Kuirudisha kunataka namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole, kwa hiyo siku ya kwanza tafuteni mtu wa mtandao wa simu aje kambini na mashine yake. Pili, laini imesajiliwa kwa jina la baba, na baba yuko mjini. Andikisheni mlezi anayelala na mtoto. Tatu, mnasahau ya kutolea; mama anakatwa, au anashindwa kutoa kiasi kizima. Nne, ndiyo inayoua zoezi: siku moja mnatuma kwa kaya 200, na wakala wa kijiji ana pesa taslimu za kaya 15 tu. Tumeni kwa mafungu ya siku tatu na mwambieni wakala mapema.

Kabla ya yote ulizeni maduka matatu bei ya unga, mafuta na sabuni, na kama lori litafika ndani ya wiki. Kama barabara imekatika, pesa yenu itapandisha bei tu.

#23 Karani wa Ghala
Hiyo ya barabara iandikwe kwa wino mwekundu. Kule kwenye mafuriko ya polepole, mwendo wa mwisho ni wa mtumbwi. Watu wanaleta mzigo hadi lami inapoishia, wanapiga picha, wanaondoka. Wekeni fungu la mtumbwi na wapagazi kabla ya kununua chochote.

#24 Mchokozi wa Zamu
Na vyandarua? Au navyo vitaishia kuvua dagaa?

#25 Mama Kliniki
Vinaishia kwenye dagaa kwa sababu mnavileta bila kamba. Hema halina msumari wala boriti. Kila chandarua kiende na mita 10 za kamba ya manila na mtu wa kuonyesha kinavyofungwa. Kimoja kwa watu wawili.

Kuharisha je? Pakiti nyingi za ORS (chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji ya mgonjwa wa kuharisha) ni za lita 1, zipo za nusu lita, soma. Watu wanamimina pakiti nzima kwenye chupa ya soda. Chumvi inazidi na mtoto anazidi kuumwa. Gaweni pakiti pamoja na jagi lenye alama ya lita. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi 6 apewe 10. Siku ya tatu choo kikifunga mama anaacha. Mwambieni mapema kwamba zile zilizobaki ndizo zinazozuia kurudi.

#26 Mpenda Karanga
Badala ya biskuti, ile karanga ya pakiti ya watoto wenye utapiamlo inafaa?

#27 Mama Kliniki
Ile ni dawa. Pakiti ya gramu 92 ina kalori 500 na inatolewa kwa uzito wa mtoto, wiki kadhaa mfululizo. Ukimpa kila mtoto mbili mbili, wagonjwa wanakosa na wazima wanachezea. Ninyi lipeni usafiri wa wahudumu wa afya wapime unene wa mikono kwa ile kamba ya rangi: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, umri wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, kliniki leo hii. 115 hadi chini ya 125 ni njano. Ukiivuta kamba sana inakaza nyama na kila mtoto anaonekana mgonjwa. Ikilegea, hakuna mgonjwa hata mmoja. Nimeona ripoti zimeharibika kwa hilo tu.

#28 Afisa Ustawi Mstaafu
Naona mmesahau kichwa cha mtoto. Baada ya tope kama la Hanang, mtoto anakojoa kitandani, anamng'ang'ania mama, mvua ikinguruma anapiga kelele. Wengi wanatulia ndani ya wiki chache wakirudishiwa mchezo na ratiba. Hawahitaji mgeni wa kuwauliza "ilikuwaje maji yalipomchukua baba" huku kamera inawaka. Anayeendelea hivyo zaidi ya mwezi ndiye wa kumpeleka kwa mtaalamu.

Eneo la mchezo halina gharama. Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kushonwa mdomo ni mpira wa rede. Kombolela haihitaji hata soksi. Kinachohitaji pesa ni watu wazima wawili wanaolipwa kuwa pale kila siku saa zilezile, miezi mitatu. Wafadhili wananunua midoli, posho ya msimamizi hawataki kuisikia.

Lingine ni yatima. Kila janga likitokea watu wanakuja na basi la kuwachukua "yatima". Haiti, mwisho wa Januari 2010, kundi la Wamarekani lilikamatwa likivusha watoto 33 kuelekea Jamhuri ya Dominika, na wengi wao walikuwa na wazazi hai. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi kwamba njia ni ofisi ya ustawi wa jamii. Shangazi yupo, babu yupo. Anakosa gunia la mahindi na sare. Mpeni hivyo, mtoto abaki ukoo wake.

#29 Mwalimu wa Zamu ya Asubuhi
Sare zina njia ya bure. Afisa elimu akiandika barua moja kwamba watoto wa kambini wapokelewe na nguo za nyumbani hadi mwisho wa muhula, mmeokoa laki kadhaa. Na vyeti vya kuzaliwa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndio wahusika. Wekeni nauli ya mlezi kwenda na kurudi.

#30 Binti Mto
Wasichana wa miaka 12 na kuendelea hakuna aliyewataja hadi posti ya 30. Wakati wa mafuriko taulo za kufua hazifai, hakuna maji safi wala pa kuanika kwa staha. Leteni za kutupa, pamoja na chupi mpya, sabuni na tochi. Na shimo la kuzitupia, la sivyo zitaenda chooni, choo kitajaa. Vyoo lengo ni kimoja kwa watu 20, na nchi ya bondeni ukichimba mita moja unakuta maji, kwa hiyo vinainuliwa juu kwa magunia ya mchanga. Watoto wadogo wafanyiwe tundu dogo, wanaogopa kutumbukia ndipo wanajisaidia pembeni.

#31 Mweka Hazina
Asanteni wakuu, nimesoma yote. Mpango mpya: laki 6 vidonge, ORS na majagi, laki 5 turubai na mbao za ubao, laki 4 vifurushi vya wasichana, laki 3 mtumbwi, milioni 1 na laki 2 pesa za simu kwa walezi wa wachanga na waliofiwa. Maziwa yamefutwa, mitumba imefutwa. Mwenyekiti amekasirika, binamu yake anauza mabelo.

#32 Afisa Ustawi Mstaafu
Umejitahidi. Ila yote hayo yataisha wiki ya tatu. Shikilieni angalau hiyo milioni na laki 2 hadi mwezi wa nne, wageni wakishaondoka. Njaa ya Rufiji inaanza pale ambapo mavuno yangekuwepo.

#33 Wakala Mkuu
Napinga. Mama akipata pesa wiki ya kwanza hauzi mbuzi kwa bei ya kutupa. Mwezi wa nne ameshauza, unamsaidia nini?

#34 Hesabu Kwanza
Inategemea kama mbuzi walipanda kwenye mtumbwi. Narudi posti ya 12.

#35 Mama Kliniki
Mweka Hazina, hivyo vidonge ni vya 67 au 33? Usinunue kabla hujajibu.

#36 Mchokozi wa Zamu
Na binamu wa mwenyekiti anauza mabelo ya daraja gani? Naulizia rafiki.